Kipeuo, Mzizi au Rasini Kare? Uhakiki wa Lugha ya Milinganyo yenye Vipeuo vya Pili, kwa Kuzingatia Darasa la Mangina

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za hisabati katika Kiswahili umezoea kusimama kwenye nomino. Huulizwa kitu fulani kiitweje, na jina likishapatikana kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi. Yanachukua sehemu moja ndogo ya aljebra, yaani utatuzi wa milinganyo ambayo kisichojulikana kimo chini ya alama ya kipeuo cha pili, na kuhoji kama lugha inayotumiwa kuielezea inamwongoza mwanafunzi au inampoteza.

Hoja kuu ni kwamba kosa la kawaida katika milinganyo hii si kosa la kuhesabu. Mwanafunzi huzidisha vizuri, hujumlisha vizuri, kisha hufika kwenye jawabu lisilokuwamo katika swali. Kilichompotosha ni namna alivyousoma uhusiano kati ya mstari mmoja na mstari unaoufuata. Kwa hiyo istilahi za somo hili hazina budi kupimwa kwa kazi zinayoifanya katika hatua za utatuzi, na viunganishi vya lugha vipewe uzito ambao mpaka sasa umepewa nomino peke yake.

Mahali panapozingatiwa ni Mangina, mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 30 magharibi ya Beni, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, kwenye barabara inayoelekea Mambasa. Pameteuliwa kwa sababu hapo lugha tatu hukutana juu ya ubao mmoja: Kinande na lugha za jirani zinazosemwa nyumbani, Kiswahili cha Kongo kinachowaunganisha watu sokoni na njiani, na Kifaransa ambacho ndicho lugha ya kitabu na ya mtihani wa taifa. Nyuma ya hizo ipo lugha ya nne, Kiswahili sanifu cha Tanzania, ambacho ndicho chenye istilahi zilizochapishwa. Swali la nani amwazime nani maneno lina uzito wa pekee mahali kama hapo.

2.0 Tatizo lenyewe

Kabla ya kuhakiki maneno, yafaa kitu kinachotajwa na maneno hayo kiwe bayana. Tuchukue mlinganyo ufuatao:

√(x + 7) = x − 5

Njia ya kawaida ni kuondoa alama ya kipeuo kwa kupandisha pande zote mbili mraba. Hapo hupatikana x + 7 = x² − 10x + 25, na baada ya kukusanya, x² − 11x + 18 = 0. Mlinganyo huu wa mwisho una majawabu mawili, 9 na 2. Tukirejesha 9 mahali pa x, upande wa kushoto ni √16, yaani 4, na upande wa kulia ni 9 − 5, yaani 4. Jawabu limekubali. Tukirejesha 2, upande wa kushoto ni √9, yaani 3, lakini upande wa kulia ni 2 − 5, yaani −3. Jawabu limekataa.

Je, 2 ilitoka wapi? Haikutokana na uzembe. Ilizaliwa na hatua ya kupandisha mraba. Namba 3 na −3 ni namba mbili tofauti, lakini miraba yake ni mmoja, 9. Kabla ya hatua ile pande mbili za mlinganyo, x ikiwa 2, zilikuwa 3 na −3, nazo hazikuwa sawa. Baada ya hatua zikawa 9 na 9, zikawa sawa. Njia mbili zimeingia katika mlango mmoja, na anayerudi kwa mlango huo hana alama ya kumwambia alikuja kwa njia ipi.

Wanafunzi wengi hujiwekea kanuni ya kuepuka mtego huu: "tupa jawabu hasi, shika jawabu chanya." Kanuni hiyo ni potofu. Katika mfano uliotangulia majawabu yote mawili ni chanya, na moja ni la kutupwa. Mfano mwingine unaivunja kabisa:

√(x + 6) = −x

Tukipandisha mraba tunapata x² − x − 6 = 0, na majawabu yake ni 3 na −2. Kwa x = 3, kushoto ni 3 na kulia ni −3; hapana. Kwa x = −2, kushoto ni √4, yaani 2, na kulia ni 2; ndiyo. Hapa lililo hasi ndilo la kweli na lililo chanya ndilo la kutupwa. Mwanafunzi aliyekariri kanuni ile atatupa jawabu zuri na kubaki na baya, huku akiamini kwamba amefuata sheria.

Chanzo cha kanuni hiyo potofu chaweza kueleweka. Maswali mengi ya vitabu huhusu urefu, na urefu hauwi hasi. Mathalani, shamba la mstatili lina upande mmoja wa mita 40. Anayelivuka kutoka kona hadi kona hutembea mita 20 zaidi ya upande wa pili. Upande huo ni mita ngapi? Mlinganyo ni √(x² + 1600) = x + 20, na jawabu ni 30, kwa kuwa mshazari ni mita 50. Kama hesabu ya namna hii ingeleta namba hasi, ingekataliwa kwa sababu ya shamba, si kwa sababu ya mlinganyo. Kuna basi sababu mbili tofauti za kulikataa jawabu: kwamba haliingii katika maisha, na kwamba haliingii katika mlinganyo wenyewe. Lugha ya darasani mara nyingi huzichanganya sababu hizi chini ya neno moja, "haiwezekani". Huo ni upungufu wa kwanza wa kilugha unaostahili kutajwa.

3.0 Majina matatu ya kitu kimoja

3.1 Kipeuo cha pili

Istilahi inayotumika katika shule za Tanzania ni kipeuo cha pili. Inafuatana na kipeo, neno linalotumiwa kwa namba iliyozidishwa kwa yenyewe: kipeo cha pili cha 5 ni 25, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Kwa upande wa umbo, jozi hii ina uzuri ambao lugha nyingi haziupati. Iwe ndivyo walivyokusudia waundaji wake au la, msemaji wa Kiswahili huweza kuusoma uhusiano wa kipeo na kipeuo kama ule wa funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Ni kauli ya kutendua: kilichofanywa kinafanywa upya kwa kinyume. Kinyambulishi hicho si mali ya Kiswahili peke yake. Kipo katika lugha nyingi za Kibantu kikiwa na konsonanti l, ambayo Kiswahili cha pwani kimeidondosha na Kiswahili cha Kongo mara nyingi kimeihifadhi, kama katika fungula. Mtoto wa Mangina kwa hiyo ana sikio la kuitambua dhana hii iwapo ataonyeshwa.

Hata hivyo istilahi hii ina kasoro tatu.

Kasoro ya kwanza ni ya masikio. Kipeo na kipeuo hutofautiana kwa irabu moja tu. Katika darasa lenye wanafunzi wengi na kelele za mvua juu ya mabati, tofauti hiyo haitoshi kutenga matendo mawili yaliyo kinyume. Istilahi za jozi ya kinyume zapaswa kuwa mbali kwa sauti kama zilivyo mbali kwa maana.

Kasoro ya pili ni utata wa "cha pili". Katika istilahi hii neno pili linataja daraja, yaani namba imezidishwa mara mbili. Lakini katika Kiswahili cha kila siku kitu cha pili ni kile kinachokuja baada ya cha kwanza. Kwa kuwa namba zenye mraba wa 9 ni mbili, 3 na −3, mwanafunzi anaweza kwa haki kabisa kudhani kwamba "kipeuo cha pili cha 9" ni ile ya pili kati ya hizo, yaani −3. Utata huu unagusa kiini cha somo. Alama √ kwa makubaliano ya wanahisabati hutaja ile isiyo hasi tu, na milinganyo yote iliyochambuliwa hapo juu inasimama juu ya makubaliano hayo. Istilahi isiyoyasema, na tena inayofungua mlango wa kuyakana, inahitaji kusaidiwa na maelezo kila inapotumika mara ya kwanza.

Kasoro ya tatu ndiyo ya ndani zaidi, nayo inatokana na uzuri wenyewe uliokwisha kusifiwa. Kauli ya kutendua inaahidi kwamba kitu kitarudi kama kilivyokuwa: mlango uliofungwa ukifunguliwa, ni mlango uleule. Lakini −3 ikipandishwa mraba huwa 9, na 9 ikitafutiwa kipeuo cha pili hutoa 3. Aliyeondoka siye aliyerudi. Kwa kipeuo cha tatu ahadi inatimizwa, maana −3 huwa −27, na kipeuo cha tatu cha −27 ni −3 ileile. Ndiyo maana kupandisha pande mbili kwa daraja la tatu hakuzui jawabu lolote. Jozi ya kipeo na kipeuo inazungumza kana kwamba daraja la pili na la tatu ni sawa katika jambo hili, kumbe tofauti yake ndiyo inayomwangusha mwanafunzi.

3.2 Mzizi

Istilahi ya pili ni mzizi, ambayo ni tafsiri ya neno la Kifaransa racine. Mwalimu aliyesomeshwa kwa Kifaransa huifikia kwa urahisi, na faida yake ni kwamba kila mtoto anaujua mzizi. Wapinzani wake huiita tafsiri mkopo kutoka Ulaya, na kwa sababu hiyo huona haifai.

Pingamizi hilo ni dhaifu kihistoria. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad mnamo mwaka 820 kitabu ambacho jina la aljebra limetokana nacho, alifanya kazi kwa maneno matatu: jidhr, maana yake mzizi, kwa kile kisichojulikana, mal kwa mraba wake, na adad kwa namba ya kawaida. Maneno mawili kati ya hayo Kiswahili kinayo hadi leo katika mali na idadi. Ulaya iliupokea mzizi kutoka Kiarabu kwa kupitia Kilatini. Alama √ yenyewe ilionekana katika chapa kwa mara ya kwanza mwaka 1525, katika kitabu cha Christoff Rudolff, na mstari wa juu unaofunika kinachohusika uliongezwa na Descartes mwaka 1637. Kwa hiyo mzizi ulipita Mashariki kabla ya kufika Paris, na Kiswahili kikiuchukua hakimwigi Mfaransa zaidi ya kumkumbuka jirani wa zamani.

Lakini utetezi wa asili hautoshi kama vile pingamizi la asili lisivyotosha. Jambo hili lasemwa kwa makusudi, kwa sababu mijadala ya hisabati katika Afrika ya kati hupenda kujifariji kwa asili. Mfano unaotajwa mara nyingi ni mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa mwaka 1950 na Jean de Heinzelin kando ya Ziwa Edward, pale Mto Semliki unapotoka ziwani, katika eneo hilihili la Beni. Mfupa huo, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi au zaidi na kuhifadhiwa Brussels, una chale zilizopangwa katika mafungu, na ni haki watu wa Kivu wajivunie nao. Hata hivyo fahari hiyo haimwambii mwanafunzi kwa nini 2 si jawabu na 9 ni jawabu. Istilahi haiwi nzuri kwa kuwa ya kale, ya Kiafrika au ya Kiarabu. Huwa nzuri kwa kufanya kazi yake.

Na katika kazi yake mzizi una hitilafu kubwa. Kifaransa hutumia racine kwa mambo mawili: kipeuo cha namba, na namba inayotimiza mlinganyo. Kiswahili kikifuata njia hiyo kitazaa sentensi kama "tafuta mizizi ya mlinganyo wenye mzizi", ambamo neno moja linataja kilichomo katika swali na pia kile kinachotafutwa. Zaidi ya hayo, mlinganyo wa kwadratiki unaopatikana katikati ya kazi nao una mizizi yake miwili, ambayo huenda si mizizi ya mlinganyo wa kwanza. Mwanafunzi atakuwa na mizizi ya aina tatu katika ukurasa mmoja. Kwa somo hili hasa, ambalo uzima wake ni kutenganisha mambo hayo, mzizi ni neno la kuepukwa isipokuwa katika maelezo ya pembeni.

3.3 Rasini kare

Istilahi ya tatu haimo katika kamusi, ila imo vinywani. Ni utohozi wa Kifaransa, rasini kare, unaoingizwa katika sentensi ya Kiswahili cha Kongo pamoja na viambishi vyake vyote. Wapenzi wa usanifu huicheka. Haifai kuchekwa. Ina sifa ambayo mbili za kwanza hazina: inamfikisha mwanafunzi moja kwa moja kwenye karatasi ya mtihani wa taifa, ambayo imeandikwa kwa Kifaransa, bila kumlazimu kutafsiri kwanza. Wala utohozi si dhambi katika Kiswahili. Hesabu, sifuri na aljebra yenyewe ni maneno yaliyopokelewa.

Kasoro yake ni kwamba halina kitu ndani kwa asiyejua Kifaransa vizuri. Ni jina la alama, si jina la tendo. Mwanafunzi anaweza kuchora alama, kuitamka na kuiondoa, asijue imefanya nini. Naye akiisha kuiona alama kama kifuniko cha kuondolewa, atapandisha mraba kama anayefunua chungu, wala hatajiuliza kama kilichomo ndani kimebadilika.

4.0 Mahali istilahi zinapoishia

Yafaa izingatiwe kwamba hakuna mfumo wa shule katika nchi zisemazo Kiswahili uliokifikisha Kiswahili kwa uthabiti mpaka kwenye mlinganyo wenye kipeuo. Nchini Tanzania Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia elimu ya msingi baada ya Azimio la Arusha la 1967, na kipeuo cha pili cha namba kikafundishwa humo. Lakini milinganyo ya aina hii imo katika sekondari, ambako Kiingereza kimeendelea kutawala hata baada ya Sera ya Elimu ya 2014 kuzitaja lugha zote mbili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, iliyotoka mwaka 1990, ilikuwa hatua kubwa kuelekea sekondari, lakini jina lake tayari laonyesha kwamba hisabati haikuwa shabaha yake. Katika Kongo, Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na Sheria ya Elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike kufundishia, huku ikikishika Kifaransa kuwa lugha ya elimu. Kwa vitendo Kiswahili huwa cha miaka ya mwanzo ya shule ya msingi.

Matokeo yake ni kwamba Kiswahili kina jina la kipeuo lakini hakina desturi iliyoandikwa ya kutatua mlinganyo wake. Dalili iliyo wazi ni kwamba hakuna istilahi iliyokubaliwa kwa jawabu kama ile 2 ya mfano wa kwanza. Husikika jawabu la uongo. Neno hilo linamlaumu asiyekosa, kwa kuwa hesabu zote zilizolileta ni sahihi, na mwanafunzi anayeambiwa kuna uongo huanza kutafuta kosa la kuzidisha ambalo halipo. Wengine wangependelea jawabu geni, kwa kufuata Kifaransa. Lakini mgeni katika Kiswahili ni wa kukaribishwa, na methali husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno linalopendekezwa hapa ni jawabu la kuzuka. Linasema kweli mbili kwa pamoja: kwamba jawabu hilo halikuwapo katika mlinganyo wa kwanza, na kwamba lilitokea katikati ya njia kutokana na hatua inayojulikana.

5.0 Viunganishi: "basi" na "ni kusema"

Tumefikia kiini cha uhakiki huu. Kila utatuzi wa mlinganyo ni maelezo yenye sentensi kadhaa, ingawa sentensi zenyewe zimeandikwa kwa alama. Kati ya mstari na mstari kuna kiunganishi, hata kama hakikuandikwa. Viunganishi vyenyewe ni vya aina mbili. Cha kwanza husema kwamba mstari wa juu ukiwa kweli, wa chini nao ni kweli. Cha pili husema zaidi: kwamba mistari miwili ni jambo moja lililosemwa mara mbili, na yeyote aweza kutoka wa chini akarudi wa juu.

Kiswahili kinatofautisha aina hizo bila shida. Mtu akisema, "Huyu ametoka Mangina, basi ametoka Kivu ya Kaskazini", hakuna atakayeigeuza sentensi hiyo na kudai kwamba kila aliyetoka Kivu ya Kaskazini ametoka Mangina. Lakini akisema, "Huyu ni ndugu wa kiume wa mama yangu, yaani mjomba wangu", sentensi inageuka salama. Basi inakwenda tu. Yaani inakwenda na kurudi. Katika Kiswahili cha Kongo, pale pa yaani watu wengi husema ni kusema, na kwa darasa la Mangina neno hilo ni bora, kwa kuwa yaani katika mazungumzo imechakaa na aghalabu hutumiwa kujaza pengo tu.

Jawabu la kuzuka huzaliwa pale mwanafunzi anaposoma basi kana kwamba ni ni kusema. Haijalishi kama kipeuo amekiita kipeuo, mzizi au rasini kare. Kinyume chake, akiandika viunganishi vyake waziwazi, hatari inaonekana mahali pake:

√(x + 7) = x − 5.
Kipeuo cha pili hakiwi hasi. Basi x − 5 si hasi, ni kusema x si chini ya 5.
Pande zote mbili zinapandishwa mraba; basi x + 7 = x² − 10x + 25,
ni kusema x² − 11x + 18 = 0,
ni kusema (x − 9)(x − 2) = 0,
ni kusema x = 9 au x = 2.
Lakini 2 iko chini ya 5. Basi 2 ni jawabu la kuzuka. Inabaki 9, nayo inakubali: 4 = 4.

Katika safari nzima, kutoka mlinganyo wa kwanza hadi 9 au 2, kuna basi moja tu kati ya mlinganyo na mlinganyo, na ndipo 2 ilipoingilia. Mwanafunzi anayeiona anajua kwa nini hakiki ya mwisho ni lazima. Kwa desturi ya shule nyingi hakiki hiyo hufundishwa kama adabu njema, kama kufuta ubao baada ya kazi. Kumbe ni sehemu ya hoja: iliyopita njia ya kwenda tu haina budi kuulizwa kama inaweza kurudi.

Mfano huu pia unapatanisha desturi mbili. Vitabu vya Kifaransa hupenda kuweka masharti kabla ya kuanza. Vile vya Kiingereza hupenda kujaribu majawabu baada ya kumaliza. Mwanafunzi wa Mangina anayekutana na kitabu cha Uganda au cha Tanzania huweza kudhani kwamba moja ya njia hizi ni makosa. Zote mbili zinaitika swali lilelile la kurudi. Moja huliuliza mlangoni wakati wa kuingia, nyingine wakati wa kutoka. Anayeuelewa mlinganyo √A = B kuwa "ni kusema A = B² na B si hasi" anazishika njia zote mbili kwa sentensi moja.

6.0 Pingamizi na majibu yake

Inaweza kusemwa kwamba juhudi hizi hazina faida kwa mwanafunzi ambaye atatahiniwa kwa Kifaransa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linadhani kwamba lugha ya karatasi ndiyo lugha ya kufikiri. Kifaransa nacho kina donc na c'est-à-dire, na mwanafunzi aliyekwisha kuiona tofauti yake katika lugha anayoimudu ataitambua katika ile anayotahiniwa nayo. Ambaye hakuiona popote huandika donc kila mstari, kama nukta.

Inaweza pia kusemwa, kutoka upande wa pili, kwamba dawa ni kuleta Kiswahili sanifu chenye istilahi zake tayari. Historia ya karibuni ya Mangina inatahadharisha. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulianzia hapo, nao haukutangazwa kuwa umekwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Katika miezi hiyo ilidhihirika kwamba ujumbe wa Kifaransa, na hata wa Kiswahili sanifu, haukuwafikia watu kama ulivyowafikia ule uliosemwa kwa Kiswahili cha mahali na kwa Kinande. Ikiwa ni hivyo kwa habari ya uhai na kifo, haitakuwa vinginevyo kwa kipeuo. Istilahi ya Dar es Salaam ni akiba ya kuchaguliwa, si mzigo wa kushushwa.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba kila moja ya istilahi tatu ina sifa na hitilafu. Kwa darasa la Mangina, na kwa madarasa mengine ya Butembo na Beni yaliyo katika hali hiyo, uamuzi unaofaa ni huu. Kipeuo cha pili kishikwe kwa namba, lakini kisisemwe pamoja na kipeo. Kinyume chake kiitwe mraba, neno ambalo sikio haliwezi kulichanganya nacho. Siku ya kwanza ya somo isemwe bayana kwamba pili ni daraja na kwamba alama √ hutaja namba isiyo hasi. Mzizi uachwe, ili kisichojulikana kipatiwe jawabu na si mzizi mwingine. Rasini kare isifukuzwe darasani. Ielekezwe kwenye kazi yake, ambayo ni kuunganisha maelezo ya mwalimu na karatasi ya mtihani.

Juu ya hayo yote, mwalimu aandike viunganishi. Mwashi anayetaka kona ya nyumba iwe ya mraba hupima mita 3 upande mmoja na 4 upande wa pili, kisha hunyosha kamba kati ya ncha hizo kuona kama ni 5. Hatosheki na vipimo viwili vya kwanza, ingawa vyote ni sahihi, kwa kuwa anajua kwamba usahihi wa pande hautoshi kuthibitisha kona. Mwanafunzi wa aljebra naye amefanya vipimo vyake vizuri. Anachodaiwa na mlinganyo wenye kipeuo ni kamba ya tatu, na kamba hiyo, katika Kiswahili anachokisema kila siku, iko tayari.